Utando wa dhahabu juu ya aloi ya titaniamu: ugumu unashuka kila nikiongeza uzito, niandike namba ipi?

KijanaWaIlomba (Mbeya)

Habari za jioni wanajukwaa. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, uhandisi mitambo, hapa Mbeya. Utafiti wangu ni wa aloi ya titaniamu inayoitwa Ti-6Al-4V, yaani asilimia 6 alumini, asilimia 4 vanadiamu na iliyobaki karibu yote titaniamu. Sampuli zangu zimefunikwa utando wa nitridi ya titaniamu, ule wenye rangi ya dhahabu. Zilifunikwa nje ya nchi na cheti kinasema unene wa utando ni mikromita 3. Kazi yangu ni kupima ugumu, nguvu ya kuvutwa na uchovu wa metali (yaani metali kukatika kwa mzigo wa kurudiarudia), kisha kulinganisha na sampuli zisizo na utando.

Shida yangu iko kwenye ugumu. Napima kwa njia ya Vickers. Nikiweka uzito wa gramu 10 napata karibu 1,900. Gramu 50 inashuka hadi 1,100 hivi. Gramu 100 inatoa 800. Kilo 1 inabaki 390 tu, karibu sawa na titaniamu tupu ambayo inanipa 350. Mashine imehakikiwa kwa kipande cha kulinganishia na iko vizuri. Msimamizi wangu anataka namba moja ya ugumu kwenye jedwali. Niandike ipi?

La pili ndilo linaninyima usingizi. Kwenye mashine ya uchovu, vipande vyenye utando vimekatika mapema kuliko visivyo na utando. Nilitegemea kitu kigumu kidumu zaidi. Naombeni msaada, hasa kwa aliyewahi kushika vitu hivi kwa mikono yake.

MkerezaMafinga

Pole na kazi, kaka. Mimi si mtu wa maabara. Nakereza vyuma hapa Mafinga, wateja wangu wengi ni viwanda vya mbao na vya chai: shafti, bushi, puli. Ila titaniamu nimeikereza, na ni hiyo hiyo unayoitaja.

Tabia yake ya kwanza ni kutopitisha joto. Chuma cha kawaida kinapitisha joto karibu mara saba kuliko hiyo aloi. Kwa hiyo joto la kukata linakaa kwenye ncha ya kisu, na kisu kinaisha huku unakiangalia. Ukiogopa ukaanza kugusagusa ndiyo unaharibu kabisa, maana kisu kinasugua badala ya kukata. Halafu inakwepa: ukiikandamiza inarudi nyuma, kisu kikipita inajirudisha, unakuta kipimo kimetoka kikubwa. Natumia kisu cha kabaidi kisicho na utando wowote, kikali, mzunguko wa taratibu na maji ya kupooza mengi, na sikiachi kisu kisimame kikiwa kimegusa kazi. Zile biti za dhahabu zinazouzwa Mwanjelwa zina utando kama huo wako. Kwenye chuma zinasaidia sana. Kwenye titaniamu sizitumii, zinang'ang'aniana.

Swali langu kwako: hivyo vipande vya uchovu vilikerezwaje, na uso wake ulisuguliwa kiasi gani kabla ya kufunikwa? Mkwaruzo wa kisu unaozunguka kipande chote, utando wa mikromita 3 hauuzibi. Unaufuata tu ulivyo.

Na vinyoleo vyake usivirundike karibu na gurudumu la kunolea. Vinashika moto, na ukivimwagia maji ndiyo unauchochea. Uwe na mchanga mkavu wa kutosha pale karibu.

MamaMetali (Tukuyu)

Mwanangu wa Ilomba, namba zako zote ni za kweli, usifute hata moja. Tatizo ni kwamba kila namba inajibu swali tofauti, na msimamizi anauliza moja tu kati ya hayo.

Twende kwenye hesabu, maana hapa hesabu ndiyo inayosema. Piramidi ya almasi ya Vickers ina pembe ya nyuzi 136 kati ya nyuso zinazotazamana, kwa hiyo kina cha alama ni karibu moja ya saba ya ulalo wake, yaani mstari wa kona hadi kona. Ugumu ni 1.854 mara uzito kwa kilo, ukigawanya kwa mraba wa ulalo kwa milimita. Geuza hesabu hiyo utafute ulalo. Kwa gramu 10 na ugumu 1,900 ulalo ni mikromita 3.1, kina 0.45. Kwa gramu 100 na ugumu 800 ulalo ni mikromita 15, kina zaidi kidogo ya 2. Kwa kilo 1 na ugumu 390 ulalo unafika mikromita 69 na kina kinakaribia 10. Utando wako ni mikromita 3. Umeona? Kwa kilo 1 almasi imezama zaidi ya mara tatu ya unene wa utando. Ulichopima pale ni titaniamu iliyovaa vipande vya utando uliokwisha kupasuka.

Kanuni tuliyofundishwa maabara, na bado inafaa, ni kwamba kina cha alama kisizidi moja ya kumi ya unene wa utando. Kwako hiyo ni mikromita 0.3. Hata gramu 10 imeshavuka. Na pale kwenye gramu 10 kuna jambo lingine: alama ya mikromita 3 unaisoma kwa hadubini ya mwanga, ambayo yenyewe inaishia karibu na nusu mikromita. Jicho likiteleza nusu mikromita tu, 1,900 yako inaweza kuwa 1,400 au ikawa 2,700. Ndiyo maana nakuambia namba ile ya juu usiitegemee peke yake, ingawa ndiyo inayovutia kuandikwa.

Njia ya haki ni kupima kwa mashine ya nano, isiyotazama alama kabisa. Inasoma nguvu na kina kwa wakati mmoja, almasi ikishuka na ikipanda, kisha ugumu na unyumbufu (yaani metali inavyokataa kunyooka ikivutwa) vinatolewa kwenye mteremko wa kurudi. Watafiti Oliver na Pharr ndio walioiweka hesabu hiyo sawa mwaka 1992. Kama hapo ulipo huna mashine hiyo, usihangaike. Chora mchoro: upande mmoja ugumu, upande wa chini kina ukigawanya kwa unene wa utando. Weka nukta zako zote. Mchoro huo ni matokeo kamili ya utafiti, una thamani kuliko namba moja, kwa sababu unaonyesha wapi utando unashika mzigo na wapi unamwachia mwenzake.

Ila kabla ya yote, unene wa utando upime mwenyewe. Cheti ni cha kundi zima la sampuli, na unene hubadilika kutokana na kipande kilivyokaa ndani ya chumba cha ombwe. Gololi ya beringi, unga laini wa almasi kidogo, unaizungusha juu ya sampuli mpaka ichimbe kikombe kidogo kinachopenya utando. Ukitazama kwa hadubini unaona duara mbili: ya nje pale utando unapoanzia, ya ndani pale titaniamu inapoanzia. Chukua mraba wa kipenyo cha nje, toa mraba wa kipenyo cha ndani, gawanya kwa mara nne ya kipenyo cha gololi. Huo ndio unene. Kifaa hicho fundi yeyote makini anaweza kukutengenezea, hata huyo kaka wa Mafinga.

Sasa uchovu. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi wanaingia kwenye utafiti wa tando wakiamini kwamba utando unaongeza nguvu. Utando wa mikromita 3 juu ya kipande cha milimita kadhaa haubebi kitu ukikivuta. Nina hakika kwenye jaribio la kuvuta ulipata karibu megapaskali 900 na kitu kwa sampuli zote, zenye utando na zisizo nao. Titaniamu hii unyumbufu wake ni karibu gigapaskali 114, chuma cha pua karibu 190. Nitridi ni zaidi ya 400. Maana yake, zikinyooka pamoja kiasi kile kile, utando unabeba mkazo karibu mara nne ya titaniamu iliyo chini yake. Titaniamu inaweza kunyooka karibu asilimia 0.75 na kurudi salama. Utando hauvumilii hivyo, unapasuka. Na kwa kuwa umeshikamana vizuri, ufa ule haugeuki pembeni, unaingia moja kwa moja kwenye titaniamu ukiwa na ncha kali. Mzigo wa kurudiarudia unafanya kazi iliyobaki.

Kigae kikibandikwa juu ya udongo usioshindiliwa, ubora wa kigae hauwezi kukiokoa. Ndicho kinachotokea kwenye sampuli zako, juu 2,000 na chini 350. Wanaojua kazi hii huanza kwa kuugumisha uso wa titaniamu yenyewe kwa nitrojeni ya plazma, ili chini kuwe na tabaka linalopanda ugumu polepole, ndipo wanaweka utando. Utando ukipata wa kuuegemea, unakaa.

Waulize waliofunika: ilikuwa kwa njia gani na joto kiasi gani? Kama ni kwa mvuke wa kifizikia ndani ya ombwe, joto linakuwa nyuzi mia chache tu na titaniamu haiharibiki. Kama ni kwa mvuke wa kikemia, joto hufika karibu nyuzi 1,000, na aloi hii hugeuka muundo wake wa ndani karibu na nyuzi 995. Hapo chembe zinakua na nguvu ya uchovu inaporomoka, bila kosa lolote la utando. Hata joto la chini kidogo linaweza kufuta mkazo wa kubana ulioachwa usoni na mashine au na kupigwa kwa gololi ndogo, na mkazo huo ndio uliokuwa unazuia nyufa zisifunguke. Wapo waliopata nguvu ya uchovu ikiongezeka kwa utando, hasa utando wenyewe unapokuwa na mkazo mkubwa wa kubana. Kwa hiyo matokeo yako yaandike kama yalivyo, na joto la kufunika liwe kwenye sentensi hiyo hiyo.

Kaka wa Mafinga ameuliza swali zuri kuliko sote. Usilipite.

KijanaWaIlomba

Shikamoo Mama. Nashukuru sana, nimesoma mara mbili na hesabu nimezirudia, zinatoka vile vile. Kaka wa Mafinga, vipande vilikerezwa kisha vikasuguliwa kwa msasa, lakini ukitazama vizuri kwenye hadubini mikwaruzo ya kuzunguka bado ipo. Nitapima ukwaruzo wa uso.

Waliofunika wamenijibu, ni kwa mvuke wa kifizikia. Mama, nitrojeni ikiwa inafanya titaniamu kuwa ngumu hivyo, mbona isiwekwe nyingi ndani ya aloi yenyewe kuliko kuhangaika na utando? Na nataka kuona muundo wa ndani, nimeambiwa nitumie asidi ya hidrofloriki.

MamaMetali (Tukuyu)

Marahaba, mwanangu.

Nitrojeni ndani ya titaniamu ni hatari iliyokwisha kuua watu. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United Airlines, safari namba 232, ilipoteza injini ya mkiani ikiwa angani, na ikaangukia uwanja wa Sioux City, Marekani. Walikuwemo watu 296, walikufa 112. Uchunguzi ulifuatilia mpaka kwenye diski ya feni ya injini hiyo, iliyotengenezwa kwa aloi yako hii hii, Ti-6Al-4V. Wakati wa kuyeyusha metali kulibaki kidoa kimoja kilichojaa nitrojeni. Kidoa kikawa kigumu na chenye kuvunjika kama kioo, ufa ukaanzia pale, ukakua taratibu kila injini ilipowashwa, mpaka diski ikagawanyika na vipande vyake vikakata mabomba ya haidroliki yote. Nitrojeni ile ile ikiwa usoni, tabaka jembamba, kwenye kitu kinachosuguana, ni ulinzi. Ikiwa ndani ya kitu kinachobeba mzigo wa kurudiarudia, ndiyo chanzo cha ufa. Ndiyo sababu kiwango cha nitrojeni kwenye aloi hii huwekewa kikomo cha sehemu ndogo sana ya asilimia moja, na titaniamu ya diski za injini leo huyeyushwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zamani.

Oksijeni nayo usiisahau. Titaniamu ikipashwa moto hewani kupita nyuzi 600 hivi inaila oksijeni, inatengeneza ngozi ngumu inayopasuka kirahisi. Ukiikata na kuilowesha kwa asidi utaiona kama ukanda mweupe ukingoni. Itafute kwenye sampuli zako.

Kuhusu asidi. Mchanganyiko wa Kroll ni maji mengi, asidi ya naitriki kidogo, na ya hidrofloriki kidogo zaidi. Inafanya kazi vizuri na inatumika duniani kote. Lakini asidi ya hidrofloriki haifanani na asidi nyingine unazozijua. Ikiwa hafifu unaweza usisikie kitu mwanzoni, kumbe inapenya ngozi na kuifuata kalsiamu mwilini, na inaweza kusimamisha moyo. Usiiguse kama maabara haina jeli ya glukoneti ya kalsiamu pale mezani, haina chumba cha kuvuta hewa, na huna mtu wa pili amesimama karibu. Glavu za aina sahihi, chombo cha plastiki, kamwe usitumie cha kioo maana inakila. Kama kimojawapo hakipo, subiri. Muundo wa ndani hautakimbia, na mama yako anakuhitaji kuliko picha ya hadubini.

MuuguziIringa

Kamwene wote. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, Iringa. Nimesoma kwa sababu ajali za bodaboda zinatuletea mifupa iliyovunjika kila wiki, na vyuma vya titaniamu tunavishika sana. Vingine vinakuja vya dhahabu, vingine bluu, vingine kijani. Je, vya dhahabu ndivyo vyenye huo utando mgumu? Na kwa nini skrubu zake nyingine wakati wa kutoa zinagoma kabisa, kama zimechomelewa?

MamaMetali (Tukuyu)

Kamwene dada. Mara nyingi rangi hizo si nitridi, wala si rangi ya kupaka. Titaniamu ikiachwa hewani inajifunika yenyewe oksidi ya nanomita chache tu, na oksidi hiyo ndiyo inayoilinda dhidi ya chumvi ya mwili. Kiwandani huizamisha kwenye maji yenye kemikali na kupitisha umeme, oksidi inanenepa. Mwanga ukirudi kutoka juu ya oksidi na kutoka chini yake, unakutana na kutoa rangi kulingana na unene. Volti zikiongezwa rangi inahama, dhahabu, zambarau, bluu, mpaka kijani. Mtengenezaji anazitumia kuwatofautishia saizi. Ugumu wake haufiki popote karibu na nitridi, kwa hiyo usitegemee rangi kukuambia ugumu.

Skrubu kugoma ndiyo ile kasoro kubwa ya titaniamu: ikisuguana na titaniamu mwenzake kwa nguvu, oksidi inakwanguka, metali mbili tupu zinashikana. Skrubu inayojifunga kwenye bamba kwa uzi wake, ikikazwa kupita kiasi au ikiingia upande, ndiyo inayogoma zaidi. Kukaza kwa bisibisi yenye kikomo cha nguvu kunasaidia sana. Kasoro hiyo hiyo ndiyo inayofanya nyonga bandia iwe na mti wa titaniamu lakini kichwa chake cha mviringo kiwe cha kobalti na kromiamu au cha kauri. Mti unawekwa wa titaniamu kwa kuwa haikatai kunyooka sana kama chuma: mfupa mgumu una unyumbufu kati ya gigapaskali 10 na 30, na titaniamu iko karibu nao zaidi kuliko chuma cha pua. Chuma kikibeba mzigo wote mfupa unakonda.

Kijana wa Ilomba, unaona hapo kazi ya utando ilipo? Ni kwenye kusuguana. Kama bado una nafasi, ongeza jaribio moja la msuguano, pini juu ya diski, yenye utando na isiyo nao. Hapo ndipo utando wako utaonyesha faida yake, na tasnifu itakuwa imeutendea haki.

WaLudewa

Naomba kuchomekea. Sisi wa Ludewa tunaambiwa chuma cha Liganga kina titaniamu na vanadiamu ndani yake. Hizi si ndizo metali za hiyo aloi? Kwa nini tuagize nje?

MamaMetali (Tukuyu)

Ni kweli, mawe ya Liganga ni ya chuma yenye titaniamu na vanadiamu, na ni utajiri wa kujivunia. Ila titaniamu iliyomo imefungamana na oksijeni, na kuitoa ikawa metali ni safari ngumu: unaigeuza kuwa kloridi, kisha unainyang'anya klorini kwa magnesiamu iliyoyeyuka, ndani ya chombo kisichoingia hewa hata kidogo. Ndiyo njia ya William Kroll wa Luxembourg, ya miaka ya 1930 na 1940, na mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi. Inakula umeme mwingi na magnesiamu nyingi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya titaniamu inayochimbwa duniani huishia kuwa unga mweupe wa rangi za kupaka, na metali ni sehemu ndogo. Mimi natamani sana kuona wanafunzi wa Mbeya wakiyapima mawe yale wenyewe. Vanadiamu yake kwenye chuma cha ujenzi ingekuwa mwanzo wa karibu zaidi kuliko titaniamu.

KijanaWaIlomba

Mama, nimeongea na msimamizi. Mchoro ameukubali, lakini bado jedwali lazima liwe na namba. Niliandikeje?

MamaMetali (Tukuyu)

Safu mbili. Ya kwanza uiite ugumu wa utando pamoja na titaniamu yake, uweke namba za gramu 50, 100 na kilo 1, kila moja na uzito wake pembeni na kina chake kikigawanywa kwa unene uliopima kwa gololi. Namba ya gramu 10 iweke pia, na kosa lake la kusoma, yaani kati ya 1,400 na 2,700. Ya pili uiite ugumu wa utando wenyewe, uiache wazi mpaka upate nafasi kwenye mashine ya nano. Msimamizi akikataa safu iliyo wazi, iondoe, lakini usihamishie humo 1,900.